Maji ya Jumatatu

Mdogo wangu Yusto,

Kamwene. Mwili wangu ni mzima, ila moyo hauna utulivu. Je, mama ameacha kukohoa? Viazi vimenusurika na baridi ya mwezi wa sita? Barua yako haikuwa na tarehe, tafadhali jirekebishe.

Hapa Norwei ninaendelea kujifunza kupima maji machafu ya kiwanda cha karatasi, ili niifanye kazi hiyo kiwanda chetu kitakapojengwa huko bondeni. Kipimo ni samaki mdogo wa miambani, asiyezidi urefu wa kiganja. Dume ana mistari ya buluu na kijani usoni na mwili mwekundu kama udongo wetu. Hukusanya mwani kwa mdomo, akajenga kiota na kuyalinda mayai. Akiishi siku mbili katika maji ya kiwanda, maji huandikwa kuwa ni salama.

Maji hayo huchotwa Jumapili. Mimi, kama ujuavyo, sifanyi kazi Jumapili. Nilikwenda kanisani, nikayachota Jumatatu na kuwatia samaki sita ndani yake. Kabla ya chakula cha mchana samaki wote sita walikuwa wamekufa, mmoja akiwa bado na mwani mdomoni.

Bwana Olav, fundi mzee anayenifundisha, alicheka.

"Lukelo, umekosea siku! Jumapili mashine zimelala."

"Na siku sita nyingine?"

"Bahari ni kubwa. Ninyi watu wa milimani mnalilia hata samaki?"

"Kwetu ng'ombe akinywa maji akafa, hatumlaumu ng'ombe."

Hakucheka tena. Alinisogezea fomu iliyokwisha kujazwa, nitie sahihi kwamba samaki wote waliishi. Nisipotia, sipewi cheti. Niliiacha kalamu mezani.

Yusto, bahari yao ni kubwa kweli. Mto wetu wakati wa kiangazi huvukwa kwa kuruka mawe. Nawe umeniandikia kwamba kijiji kitahamia kando ya mto huo, upande yatakakopita maji ya kiwanda, na kwamba wewe mwenyekiti umekwisha kukubali. Kataa. Ombeni mpelekwe juu, hata kama ardhi ni duni. Wanakijiji wakitaka ushahidi, wasomee barua hii mkutanoni pamoja na jina langu. Nikirudi bila cheti na bila kazi, hilo ni langu.

Nisalimie mama, shangazi yetu wa Mlandege na mzee wa kanisa. Mke wangu msomee kabla ya mkutano, asije akayasikia haya mbele ya watu.

Ni mimi kaka yako,
Lukelo