Mbuzi Aliyetolewa Nyongo

Bi Rukaya wa redioni, shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, wiki tatu naizungusha barua hii, mtoto akilala nashika kalamu, akiamka naiweka, na kila nikiiweka macho ya mama yanazidi kuwa ya njano.

Mama yangu, Anjelina, alikuja hapa Mkonze kutoka Chemba kunitunza baada ya kujifungua, akaja na mbuzi, jirani akachinja na yeye akashughulika na matumbo kama zamani. Utotoni kazi yangu ilikuwa kushika ini naye akitenga nyongo, ananiambia, “Shika vizuri Sido, ikipasuka nyama yote utakula wewe,” kisha kipande cha kwanza kinachomwa kwenye makaa, chumvi tu, napewa mimi. Harufu ile siku hiyo ilinirudisha nyumbani, nikalia, mama akanicheka.

Basi tangu hapo akila mafuta anabanwa chini ya mbavu za kulia hadi mgongoni, mimi nikadhani ni udhaifu nikamzidishia supu ya makongoro. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo cheupe kama majivu. Hospitali wamepiga picha, wanasema jiwe limetoka kwenye kifuko cha nyongo limekwama kwenye mrija, litolewe, baadaye na kifuko kitolewe. Mama akasema, “We Sidonia, umewahi kuona mbuzi aliyetolewa nyongo akasimama?” Amefunga mzigo, Ijumaa anarudi Chemba.

Naomba unitumie jibu kabla ya Ijumaa, kwa redio, maana anakusikiliza; maelezo ya hiyo mirija kwa maneno ya mtu anayejua kupasua mbuzi; chakula cha kumpikia; na kama tutakula tena ini la makaani pamoja.

Sidonia

*

Sidonia, wiki tatu ni nyingi, nakugombeza. Ila mwenye kichanga simgombezi mara mbili. Makongoro acha leo. Mpe uji mwepesi, wali, mboga isiyo na mafuta.

Sasa msogezee mama redio.

Mama Sidonia, ini unalijua kunishinda. Nyongo inatengenezwa humo kwenye ini. Kile kifuko ni kibuyu cha kuitunzia tu. Inateremka kwa mrija hadi mwanzo wa utumbo, ikayeyushe mafuta. Hapo mlangoni unaungana nao mrija wa kongosho, ile nyama laini iliyojificha nyuma ya tumbo, ukileta maji ya kusaga chakula. Jiwe limeziba njia, nyongo imerudi kwenye damu, ndiyo hiyo njano. Likiziba na njia ya kongosho, linaweza kukuua. Kibuyu kikiondoka, ini litaendelea kuteremsha nyongo yake lenyewe. Mbuzi wako hakufa kwa kukosa nyongo, mama. Alikufa kwa kisu cha shingo.

Sidonia, Ijumaa ni mbali. Kesho asubuhi mrudishe hospitali. Akipata homa, kutetemeka au kutapika, ondokeni saa hiyo hiyo, mtoto mgongoni. Mzigo usiufungue, nguo za wodini zimo tayari.

Na ini mtakula, daktari akiruhusu, kipande kidogo. Safari hii choma wewe, cha kwanza mpe yeye.