Baba Hakuwa Anacheka

Ijumaa. Hapa Ilembo mvua ilianza mchana na mpaka sasa haijakata. Naandika harakaharaka, kwa hiyo mnisamehe makosa.

Tangu kiharusi kimnyang'anye baba sauti, nyumbani tunaangalia zile komedi fupi za kale zisizo na maneno, nyeusi na nyeupe. Mvua ikilipiga bati letu husikii redio wala filamu ya kutafsiriwa, lakini hizo hazihitaji sikio. Mtu anakanyaga reki, inampiga usoni, anadumbukia kwenye pipa, anatoka, anajipangusa. Zilitengenezwa hata babu hajazaliwa, na bado zinatuvunja mbavu. Nadhani baba anazipenda kwa sababu humo hakuna anayeongea, kwa hiyo hakuna anayemzidi.

Leo niliweka ya fundi rangi na ngazi yake. Mimi, mdogo wangu Neema na baba tulibanana mbele ya simu, viazi vitamu mapajani. Mama alikuwa jikoni. Fundi aliponing'inia akitapatapa, baba naye akaanza kurusha mikono. Neema akanigonga bega nimwangalie, tukazidi kucheka. Tulijua anamuigiza fundi.

Mama akatokea mlangoni, akapaza sauti kuishinda mvua: "Nyie! Baba yenu hacheki huyo!"

Kiazi kilikuwa kimemkaba.

Mama alimuinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja, akampiga tena na tena mpaka kipande kikatoka. Mimi niliganda. Kwenye simu yule fundi aliendelea kuanguka na kuinuka.

Viazi kuanzia kesho tutampondea, hilo ni jepesi. Ninachoogopa ni kwamba baba yangu alikuwa anakufa tukiwa tumegusana magoti, na mimi nilikuwa naona raha. Uso wake wa kucheka na uso wake wa kuomba msaada sikuweza kuzitofautisha. Kama mama angechelewa? Naogopa sana, jamani.

Jioni hii baba amenyoosha kidole kwenye simu. Nikatikisa kichwa. Akanyoosha tena, amekaza macho kama enzi zile akitaka jambo lake lifanyike.

Nikaiweka ileile. Amecheka kwa upande mmoja wa mdomo, mpaka machozi yakamtoka.

Fundi aliishia wapi sijui. Nilikuwa naangalia koo la baba.