Ogutu, Mwambie Otieno Alale Nyumbani

Omera Ogutu, ndugu yangu,

Ulikufa haraka mno. Ungengoja kidogo uone mambo. Senta yetu ya Wath Ochuoga imejaa watu, bwana! Ukisimama pale kwenye gati la zamani giza likianza kuingia, unaona taa kila nyumba, kuanzia kwa Odhiambo mpaka kwa yule daktari wa meno aliyejenga ghorofa. Moshi unatoka jikoni, redio zinaongea, nguo zimeanikwa. Na aliyewarudisha watu wote hao ni mimi, Opiyo, fundi wa baiskeli niliyetoroka shule darasa la nne, wakati wewe wa darasa la saba ulishindwa hata kumrudisha mbuzi wako aliyehamia kwa jirani.

Usicheke. Najua unacheka. Ulikuwa ukijua nikidanganya kwa vile ninavyovuta sikio. Haya, nimevuta sikio. Hakuna mtu. Taa nawasha mimi.

Unajua vile watoto wetu walivyo. Mmoja yuko Migosi kule Kisumu, mwingine Nairobi, mwingine Milimani na mbwa wake analishwa nyama, lakini kila mmoja amejenga hapa. Vyumba vinne, vigae, choo ndani ya nyumba, na mapazia uliyoshona wewe mwenyewe. Halafu wanafunga mlango, wananipa ufunguo: "Mzee, utuangalizie nyumba." Funguo zote nimezitunga kwa waya wa breki nikavaa shingoni. Nikipita, mbuzi wananifuata wakidhani mimi ndiye mwenye kengele.

Wewe ndiye uliyeliona hili kwanza, na mimi nikakuona mnung'unikaji. Ulisema, pale barazani kwako na cherehani mbele yako, "Opiyo, nilianza na kushona sare za shule. Sasa nashonea madirisha. Dirisha halikui, halichani kaptura, halirudi kwangu." Nilikucheka. Nikakwambia madirisha angalau hayakimbii na nguo kabla ya kulipa. Lakini ulikuwa umesema kweli, na mimi nakubali sasa kwa sababu huwezi kunijibu. Pamba ilikuja na watu wake ikaondoka nao. Meli ikaja, ikaacha kuja. Samaki wakaja na malori ya barafu, na wasichana wa hoteli, na vinyozi wanne mtaa mmoja, na hao nao wakaenda. Siku hizi nikitaka kunyolewa naenda kwa jamaa mmoja mwenye mkono unaotetemeka. Ndiyo maana nina alama sikioni.

Lakini siku ya kukuzika! Ogutu, ungefurahi, wewe mpenda watu. Magari yalijaa uwanja wa shule mpaka kwa mama wa mandazi. Tenti nyeupe, viti vyenye nguo, vipaza sauti. Watu wa Kisumu wakatembea hapa na viatu vyao vya kuchongoka wakisema, "Aki nyumbani ni kuzuri. Hewa safi." Mjomba wako mmoja aliyehamia mjini tangu enzi za meli akalia kwa sauti akiuliza mbona umewaacha. Yeye umwachie nini? Yeye ndiye aliyekuacha!

Jumapili jioni gari la mwisho likaondoka. Wenye viti wakaja wakapakia viti vyao. Nikabaki mimi, mke wako, na mbwa waliokuwa wameshiba kwa mara ya kwanza mwaka huo. Nikakasirika, ndugu yangu. Hawa watu wanajenga nyumba za kutolea mwili, si za kulala. Wanataka wakifa ionekane wana kwao. Na wakiwa hai? Wakiwa hai wanalipa kodi ya vyumba viwili Migosi, wananunua maji kwa mtungi, jirani anawasikia wakikohoa.

Hata kaburi lako. Nitafika hapo, usiwe na haraka, huna pa kwenda.

Sasa sikiliza mambo yaliyotokea. Baada ya mazishi yako chifu aliita baraza pale mbele ya dispensari. Alikuja na binti mmoja kutoka kaunti, suruali, miwani, kibao cha kuandikia kifuani, mtu wa heshima zake, siwezi kumsema vibaya. Akasimama akasema dispensari yetu itahamishwa hadi kule njia panda, kwenye lami, kwa sababu kule watu wanaongezeka na huku wanapungua. Nesi ataenda, friji ya dawa itaenda, hata kitanda. Akasema, "Hii senta haina watu."

Nikainuka. "Binti yangu, na wewe unaongea na nani?"

Watu wakacheka. Tulikuwa wachache lakini tulicheka kama wengi. Yeye naye akatabasamu, akasema, "Mzee, ninyi ni wazee watupu."

Basi hapo ndipo niliposhika moto! Sisi tuliobaki si ndio wagonjwa? Vijana wenye meno yote na magoti mazima wamekwenda Kisumu, hospitali zikawafuata huko huko. Sisi wa presha, wa sukari, wa mgongo, tunaambiwa tuko wachache mno kuwa wagonjwa. Hiyo ni hesabu ya darasa la ngapi? Mimi nilitoka la nne na siijui.

Na nilimtazama mke wako. Alikuwa amekaa kwenye benchi na kadi yake ya kliniki mkononi. Unajua presha yake. Vidonge anachukua pale pale, anatembea na fimbo yake, anapumzika mara moja kwenye jiwe, anafika. Njia panda ni kwa pikipiki, ile barabara ya mawe, na mvua ikinyesha hata pikipiki haiji. Hakusema kitu. Mama Otieno akinyamaza, wewe unajua, ni vibaya kuliko akipiga kelele.

Binti akasema hawajamaliza. Watapita tena jioni moja, watu wakiwa wamerudi makwao, waone kama kweli kuna wanaoishi hapa. Akasema jioni. Ogutu, aliposema jioni, mimi nikashika funguo zangu shingoni.

Ndivyo taa zilivyoanza. Nyumba zile zote zina sola juu, na swichi ndani hazijui hata kidole cha mtu. Nilifungua mapazia yako. Nilitoa popo kwa Odhiambo kwa ufagio, na mmoja akaniingia kwenye koti. Nikawasha moto jikoni kwa jirani zako wote, nikipuliza kuni mbichi mpaka machozi yakatoka, na wakati huo nikakumbuka kwamba sikulia siku ya mazishi, nikaona heri nitumie nafasi.

Zikabaki nguo za kuanika. Mimi nina suruali mbili na moja nimeivaa. Mama Otieno akaingia chumbani bila kuambiwa, akatoa sanduku lako. Unajua nguo zako hazijagawanywa bado. Wenyewe walisema watarudi kuzigawa, Disemba. Akasema, "Chukua. Alipenda kuonekana." Basi tukakuanika wewe senta nzima. Shati la kanisani kwa Odhiambo. Lile koti la miraba kwa daktari wa meno. Kaptura yako ya kulimia, ile uliyoitia kiraka cha pazia la maua, kwa mwalimu mstaafu aliyehamia kwa binti yake. Mke wako alishika mdomo akicheka, halafu akaketi chini, akawa hacheki tena. "Opiyo," akasema, "ni kama ametembelea watu wote."

Walifika. Chifu, dereva, na yule binti. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gati kama mtu asiyejua lolote. Binti akatazama taa, akafurahi kabisa, nilimwona. Akasema, "Kumbe wapo!" Nikajibu, "Wengi, wengi, wengine wamelala mapema." Akaenda mlango wa Odhiambo, akapiga hodi. Nilikuwa nimeacha redio ndani. Hodi ya pili. Redio ikamjibu, na unajua saa ile redio zetu zinasoma nini. Matangazo ya vifo. Fulani wa fulani, aliyekuwa akiishi Nairobi, mwili unaletwa nyumbani Ijumaa. Binti naye ni wa kwetu, anasikia Kijaluo vizuri. Akasimama pale mlangoni akasikiliza mpaka mwisho, jina baada ya jina, wote wakiletwa nyumbani.

Akageuka, akatazama kamba ya nguo. Akaenda ya pili. Akaenda ya tatu. Macho ya wanawake, Ogutu!

"Mzee, hizi nguo zote ni za mtu mmoja."

"Ndiyo."

"Yuko wapi?"

"Yuko nyumbani kwake. Hajatoka tangu tumlaze."

Chifu akaangalia viatu vyake. Mimi nikaona nimekamatwa, basi heri nimalize yote. Nikampeleka mpaka kaburini kwako, nikamwambia, "Huyu ndiye mkazi wa kweli wa hapa. Huyu hahami. Mngekuja siku ya kumzika, mngejenga hospitali kubwa." Nilikuwa napiga kelele, nakiri. Nilimwambia wanahesabu watu pale wanapolala, hawaulizi pale wanapotaka kuzikwa. Mama Otieno akaja akanishika mkono wa koti kama mtoto.

Binti hakukasirika. Laiti angekasirika, ningejua la kufanya. Akasema polepole, "Mzee, siwezi kuandika taa. Niletee watu. Nitapita Jumamosi ya mwisho wa mwezi, jioni. Nikikuta familia hapa, watoto, sufuria jikoni, nitaandika nilichokiona, na dispensari ibaki angalau mpaka tujadiliane tena. Nikikuta nguo, nitaandika nguo."

Ni haki. Nimeikataa moyoni siku nzima lakini ni haki.

Basi nimepiga simu. Nimewapigia wote. Odhiambo: "Sawa Mzee, Disemba." Daktari wa meno: "Tutaona Mzee, labda Disemba." Hawa watu wana mwezi mmoja tu katika kalenda! Nikamwacha Otieno wako awe wa mwisho kwa sababu nilidhani mtoto wa Ogutu hawezi kunikataa. Nikaenda mwenyewe mpaka Migosi. Ogutu, wajukuu wako wanalala sebuleni, mmoja kwenye kochi, wawili chini. Bafu la pamoja na watu wa ghorofa ya chini. Nikamwuliza, "Na ile nyumba yako ya vyumba vinne, popo wanakulipa kodi?" Akacheka kama wewe, kwa pua. Halafu akasema, "Baba, kazi iko huku. Jumamosi nafanya ovataimu. Nikija nyumbani bila msiba, watu watauliza kuna nini."

Kuhusu kazi anasema kweli. Hapa angefanya nini, ashone mapazia? Mimi sisemi wahamie. Wakae huko, wale, wasomeshe. Nataka walale hapa usiku mmoja wakiwa hai. Mmoja tu! Walaze watoto kwenye vitanda walivyonunua wenyewe, wapike samaki, wamwage maji, mtoto alie. Otieno akija, wengine watakuja. Wanatazamana hao kama kondoo. Asipokuja, mama yake ataanza kupanda pikipiki kwenda kutafuta vidonge kwenye lami, na mimi na wewe tunajua hataenda. Atasema amepona. Atakaa kimya. Halafu magari yatajaa uwanja wa shule tena, na tenti, na hewa safi.

Sasa kuhusu kaburi lako. Unafikiri umelala vizuri hivyo hivyo tu? Hapakuwa na kijana wa kuchimba. Zamani tungefukuza wengine kwa wingi, wakigombea jogoo wa wachimbaji. Otieno alilazimika kuajiri vijana wa Nyalenda, wazuri, wenye nguvu, lakini watoto wa mjini. Wakasimama nje wakitazama mlango, wakasema kulia ni huku, wakachimba. Kulia kwao! Kumbe mwanamume huzikwa kulia kwa mlango, na kulia hupimwa akiwa ndani anatazama lango. Walikuwa wamekuwekea shimo upande wa mke, Ogutu! Ungelala hapo mpaka parapanda, na wazee wenzetu waliotangulia wangekuita Mama Ogutu. Nilipoona, shimo lilikuwa limenifika kiunoni. Nikasema wafukie. Wakasema wamechoka, mwili uko njiani. Basi nikaingia ndani ya shimo, mimi na goti langu, nikakaa chini, nikawaambia kama hawachimbi upya watanizika mimi hapo, na mimi sina hata jeneza. Walibishana, wakacheka, wakaniita mzee kichaa. Kisha wakachimba upya. Nilitolewa shimoni na watu wawili kama mwanzi mkavu.

Kwa hiyo una deni langu. Usijifanye umesahau, huko hamna shughuli.

Mimi nitaendelea kuwasha taa nyumbani kwako kila jioni, hata kama si za kudanganya mtu, na mke wako nitamsindikiza kliniki mpaka siku watakayobeba kitanda, na siku hiyo nitakilalia. Hiyo ni ahadi yangu. Lala salama, fundi wangu, lala upande wako.

Ila kabla ya kulala, lipa. Mimi nikiwapigia simu wananiambia Disemba; marehemu hawezi kuambiwa Disemba. Mtokee Otieno ndotoni wiki hii, kabla ya Jumamosi ile. Usiende na ile sura yako ya upole ya kanisani. Nenda na ile sura uliyokuwa nayo ukidai mkia wa samaki mezani. Huna haja ya kusema mengi. Mvute tu kidole gumba cha mguu, kama ulivyokuwa ukimwamsha aende shule, na umwambie kumekucha.

Wako,
Opiyo