Asali ya Baba na Tone la Iodini

Advera! Tangu Jumapili ile baba alipofariki, sikuwahi kufungua chupa ya mwisho ya asali aliyokuwa akirina na kuuza. Leo nimeipeleka tuisheni ya kemia, tuipime kama ni safi.

Nikadondosha iodini. Ikageuka bluu nyeusi! Nyeusi, Advera! Yaani ina wanga!

Amon, tunayesoma naye, akapaza sauti, "Kumbe mzee alikuwa anachanganya unga!"

Baba yangu! Ambaye hata tone la maji hakuwahi kuongeza!

Mwalimu wetu, Madam Shabnam, akauliza, "Umechotea nini?"

Kijiko. Kijiko nilichonywea uji asubuhi, sijakiosha!

Tukarudia kwa kijiko safi. Iodini ikabaki na rangi yake ya kahawia. Amon akaiinamia chupa: "Shikamoo mzee, nisamehe." Nilicheka mpaka machozi.

Chupa iko wazi sasa. Jioni hii mimi na mama tunakula mkate kwa asali ya baba.