Saini Tuliyoiruka Siku ya Nikaha

Jules Street,
Malvern,
Johannesburg.
17 Machi, 2019.

Mpendwa mwanangu Shufaa,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mumeo Naseeb na mjukuu wangu Tumu, na hiyo baridi ya Leicester, Uingereza, iwe imeanza kuwaachia. Mgongo wa Naseeb unaendeleaje? Mwambie namtaja kila baada ya sala, na ninamwelewa kuliko anavyodhani. Miaka thelathini juu ya kiti cha cherehani si mchezo, na mimi siku hizi nikiinuka nalia kama mlango mbovu.

Sisi huku hatujambo. Presha ya mama yako mdogo Tabia imetulia tangu apunguze chumvi, ila amepunguza kwenye sahani zetu sote, na ukilalamika unaambiwa unapendwa. Wiki hii umeme unakatwa mara mbili tatu kwa siku. Robot za barabarani, yaani taa za kuongozea magari, zimezimika, madereva wa teksi wanapita kila mmoja kwa sheria yake, na cherehani yangu ya umeme imelala. Nimeitoa ile ya zamani ya kukanyaga. Leo mchana wamekata tena na mguu nao umechoka, basi nimeshika kalamu.

Barua anakuletea Bakiri wa duka la vitambaa, anakuja huko kumtazama dada yake. Utauliza kwa nini nisikutumie ujumbe kwenye WhatsApp kama siku zote. Nimejaribu. Nimeandika na kufuta mara nne. Haya nitakayokwambia sikutaka uyasome umesimama kituo cha basi baada ya zamu ya wodini.

Ni ile karatasi ya ndoa uliyoniomba.

Uliponieleza jambo lenyewe mwezi uliopita ilibidi nikurudishe nyuma mara mbili, maana mimi na mambo ya kodi hatujawahi kupatana. Lakini nimelielewa. Kila mtu huko ana kiasi cha kipato cha mwaka ambacho kodi haikigusi. Naseeb tangu aumie kule ghalani ana miaka mitatu bila mshahara, kwa hiyo kiasi chake kinakaa bure, na wewe nesi wa watu unakatwa kama kawaida. Sheria inamruhusu mume au mke mwenye kipato kidogo kumkabidhi mwenzake sehemu ya kiasi hicho, ili mwenzake akatwe kodi pungufu, na mnaweza kudai hata kwa miaka hiyo iliyopita. Anayeomba ni yule anayetoa, yaani Naseeb. Na sharti muwe mmeoana kisheria.

Siku ile Naseeb alichukua simu mkononi mwako akaniambia, "Ami, kumbe hata mimi bado nina kitu cha kumpa Shufaa." Sijui kama ulimsikia, ulikuwa unamwogesha mtoto. Nilimsikia mimi. Mwanamume aliyezoea kubeba, leo anapika uji na kukunja nguo akikusubiri, halafu serikali ya watu inamwambia kwamba hata katika kukaa kwake kuna kitu anaweza kumkabidhi mkewe. Nimelifikiria sana jambo hilo nikiwa kazini. Ndiyo sababu yananiuma haya ninayokuja kukwambia.

Shufaa, karatasi hiyo haipo.

Cheti cha nikaha ninacho, kimo katika kopo la biskuti pamoja na pasi za kusafiria. Lakini hicho ni cha msikitini peke yake. Sheria ya nchi hii haihesabu nikaha kuwa ndoa mpaka iandikishwe pia serikalini. Nilikwenda msikitini wiki iliyopita nikijipa matumaini kwamba labda imamu aliwaandikisha baadaye kwa wema wake. Alinitazama kwa huruma. Akanikumbusha siku yenyewe, ingawa sikuhitaji kukumbushwa.

Wewe ulikuwa upande wa wanawake, hukuona. Ilikuwa Desemba 2015, baba yako keshatangulia, na mimi ndugu yake nimekaa mahali pake kama walii wako. Nikaha ilipofungwa, watu wakishikana mikono, imamu alifungua kitabu kingine. Yeye ni miongoni mwa maimamu walioidhinishwa kuandikisha ndoa za serikali. Akasema, "Mzee Burhani, bado kitabu hiki. Bwana na bibi harusi waweke saini na mashahidi wawili, dakika tano tu." Naseeb alikwisha kunyoosha mkono kuchukua kalamu. Mimi nikaushika ule mkono nikamwinua. Nikasema, "Sheikh, pilau inapoa. Nikaha imeshafungwa, na mimi sikuja kumwoza mwanangu kwa serikali." Watu wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka.

Ningeweza kukwambia kwamba nilikuwa na haraka kwa sababu ya mama yako, kwamba marehemu Tumu, somo wa mtoto wako, alikuwa mgonjwa kitandani nyumbani kwangu, amekuja kutibiwa huku na hawezi kusafiri, na alikuwa anasubiri kukuona na hina yako. Kweli alikuwa anasubiri. Nimejipa sababu hiyo miaka yote. Lakini mama yako alikuwa amelala wakati ule, na dakika tano zisingemdhuru. Kilichoniinua pale ni kiburi. Niliona kuweka saini ya pili ni kama kusema ile ya Mungu haikutosha.

Ni jirani yangu Masika aliyenifumbua macho. Ndiye yule Mkongo mwenye saluni ya kusuka nywele ukuta kwa ukuta na mimi, aliyekusuka siku ya harusi. Mumewe alikuwa mlinzi wa usiku, amefariki mwaka jana. Walioana kwa mahari na kanisani, wakavaa wakapendeza, serikalini hawakwenda. Kazini kwa marehemu wakamwomba cheti cha ndoa ili wampe stahili za mjane. Akawapelekea picha za harusi. Alikuja dukani kwangu na albamu yote kifuani, akakaa juu ya marobota ya kitambaa, akasema, "Papa Burhani, myaka kumi na mbili nilikuwa bibi yake. Leo banauliza mi ni nani." Nilimtafutia maji ya kunywa. Hata wakati ule sikukufikiria wewe. Nilidhani hayo ni mambo ya Wakongo, mpaka uliponiomba karatasi.

Sasa nikuungamie na lililobaki. Uliniambia ile fomu ya kodi haidai karatasi yoyote, inauliza tarehe tu, na wewe karatasi uliitaka kwa kuhakikisha. Kwa siku tatu niliwaza nikutumie picha ya cheti cha nikaha na ninyamaze. Naseeb angejaza tarehe, mambo yangekwisha, na mzee Burhani angebaki mzee mwenye heshima zake. Tabia ndiye aliyenizuia. Alinikuta nimeweka cheti mezani nakilenga kwa simu, akasema, "Kama ni kumpa tarehe, mpe na habari yake. Aliyekataa ni wewe, si imamu." Akarudi jikoni kwenye vyakula vyake visivyo na chumvi.

Basi nakuomba, Naseeb asijaze tarehe ile. Mtu aliyeumia mgongo asibebeshwe na uongo wangu.

Mbele ya Mungu ninyi ni mume na mke, na Tumu ni mtoto wa halali wa baba na mama yake. Hilo lisikutie shaka hata dakika moja, na yeyote atakayekwambia vingine mlete kwangu. Kinachokosekana ni kitabu cha pili. Nimeuliza kwa wanaojua, ingawa nanyi ulizeni, mimi ni fundi cherehani tu. Wanasema mwende kwa msajili wa ndoa huko huko mliko, mtoe taarifa, msubiri siku zao ishirini na nane, kisha muweke saini mbele ya mashahidi wawili. Kuanzia hapo Naseeb ataweza kuomba, na tarehe atakayoandika itakuwa ya kweli.

Miaka iliyopita itakuwa imepotea. Siwezi kuirudisha. Sisikitikii pesa peke yake, ingawa najua mishahara ya manesi haitoshi. Namsikitikia Naseeb, ambaye alikuwa tayari kukupa kitu cha miaka mitatu kwa mkupuo mmoja, na aliyemshika mkono asikupe ni mimi. Nimewakosea nyote wawili. Nisameheni. Ukikasirika, kasirika, usinifiche. Piga simu unifokee kama mama yako alivyokuwa akinifokea, nitakaa kimya nisikilize mpaka umalize.

Tabia anakusalimu sana na anasema usiache kula. Masika naye anakusalimu, anauliza nywele zako nani anazisuka huko. Nisalimie wakwe zako wote, na umbusu Tumu kwenye paji la uso, mwambie babu yake wa Johannesburg anamshonea gauni.

Bakiri atakupa na kifurushi. Mna kanzu ya Naseeb, nimeishona wiki hii kwa cherehani ya kukanyaga, mshono kwa mshono. Kwa kawaida kanzu zangu siziwekei mfuko kifuani, lakini hii ina mfuko, na ndani yake nimetia kalamu. Aivae siku mtakayokwenda kwa msajili. Akitokea mtu, hata awe mkubwa wa familia, akawaambia chakula kinapoa, Naseeb asiinuke. Amwambie ami amesema kipoe.

Mungu awalinde, amponye mumeo, na aidumishe nyumba yenu.

Mimi ami yako nikupendaye na ninayesubiri simu yako,

Burhani