Dina ya Kwako, Mjomba

Mjomba,

Shikamoo, hata kama hutaitikia. Ni mimi mpwa wako, yule uliyemtoa shule ukisema kichwa chake ni cha kufugia nywele tu. Sasa kichwa hicho kinahudumia wageni hotelini, shati jeupe, viatu vinang'aa, na Kiingereza cha chakula nakimwaga kama maji. Asubuhi ni brekfasti, mchana lanchi, jioni dina. Ukitafuna kitu katikati, hiyo ni snaki. Ulaji kama wako bado sijafundishwa jina lake.

Juzi mkuu wa wahudumu alitupa mtihani. Alinyanyua sahani ya mgeni aliyekwisha kuondoka, ina mfupa na kiazi kilichoumwa, akauliza, "Hii tunaiitaje?"

Nikawahi, kifua mbele: "Dina!"

Jiko zima likaangua kicheko. "We bwana, hayo ni mabaki!" mpishi akasema. "Hapa tunayamwaga."

Nami nikacheka hadi machozi. Wangejuaje? Tangu mama azikwe, mimi na mdogo wangu tulingoja jikoni kwako mpaka wanao washibe, ndipo sahani zao zikaletwa kwetu. Hiyo ndiyo dina niliyoijua.

Mimi nilitoroka. Yeye bado anangoja hapo jikoni.

Jumamosi nakuja kumchukua. Nimepata chumba, na meza ipo, ingawa mguu mmoja ni tofali. Usihangaike kutupikia, Mjomba. Kwako tulishashiba.

Wako,
Kichwa cha Kufugia Nywele