Kamisheni Yangu Iko Rumande

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiunga! Kuanzia leo mimi si kijana wa kutoa kopi tu. Mimi ni mfanyabiashara wa mtandaoni. Soko lenyewe liko hivi: wenye bidhaa wanaweka bidhaa zao, mimi nachagua, napewa linki yenye namba yangu, mtu akinunua kupitia linki hiyo napata kamisheni. Sishiki mzigo, sibebi boksi. Kazi ya akili. Imenikaa kama suti ya kupimwa.

Fundi simu tunayegawana naye chumba cha duka kaniuliza maswali matatu bila kuinua kichwa. Wamekudai kiingilio? Hapana. Unalipwa kwa kuuza au kwa kuingiza watu? Kwa kuuza. Masharti umesoma? Nikasema nimeyapitia. Na kweli nimeyapitia — kwa kidole gumba, kutoka juu mpaka "Nakubali". Sekunde nne. Rekodi!

Alhamisi, 6 Machi

Mteja wa kwanza — Shangazi! Anapiga pasi nguo za watu, na pasi yake ya zamani inanuka kama waya unaoungua. Nikamwonyesha pasi ya mvuke, nyota nne na nusu. Akauliza, wewe hawa unawajua? Nikasema, Shangazi, hawa watu wangu kabisa.

Watu wangu! Siku tatu tu.

Kalipa. Halafu ndipo ananiambia ile ilikuwa hela ya bati, paa linavuja. Sasa si angesema kabla sijabonyeza?

Jumanne, 11 Machi

Pasi imefika. Nimetembea mtaani kama nimeivumbua mimi. Nikafungua akaunti nione utamu. Pale penye kamisheni pameandikwa kwa herufi nyekundu: IMEZUILIWA.

Imezuiliwa! Neno la polisi hilo! Jirani yetu alipozuiliwa alikaa huko siku tano, akarudi hana mkanda. Nikawaandikia palepale: kamisheni yangu haina kosa lolote, iachieni mara moja, la sivyo mtanijua. Nikajuta hapo kwenye "mtanijua". Wana jina langu, wana namba yangu, wana picha yangu nimevaa miwani ya jua.

Dada kacheka mpaka kakaa sakafuni. Ati kamisheni iko rumande, niipelekee chakula. Sasa kila nikipita: "Bwana mdogo, dhamana imepatikana?"

Nimejichekesha naye. Lakini kama mimi wananiibia, basi na Shangazi nimemkabidhi kwa wezi. Kwa mkono wangu.

Jumatano, 12 Machi

Wamejibu. Na ni mtu, si mashine — mashine isingeniita "ndugu yetu mwenye hasira". Kasema haijakamatwa. Inasubiri siku kumi na nne kwa sababu mnunuzi ana haki ya kurudisha bidhaa. Siku zikiisha na mnunuzi karidhika, inatoka. Imo kwenye masharti, kifungu cha sita.

Nikaenda kusoma. Imo.

Fundi alipuliza vumbi kwenye simu ya mtu, akawa anaichekea hiyo simu.

Jumatatu, 17 Machi

Balaa. Pasi inatema maji. Imetema maji ya kutu kwenye shati jeupe la mteja. Kifuani kabisa, pa kuonekana.

Shangazi hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Alilikunja lile shati taratibu, akasema, "Mwanangu, si ulisema ni watu wako?"

Nimejaza fomu ya kurudisha. Nimepiga picha pasi, shati, na doa peke yake. Fundi kasema soko hulijui siku ya kununua, utalijua siku ya kurudisha. Kwa nini huyu mzee hasemi mambo haya mapema?

Jumatano, 19 Machi

Kimya. Pasi wameichukua, hela hawajarudisha. Shangazi kaazima pasi ya jirani. Sina hamu ya kuandika.

Ijumaa, 21 Machi

IMERUDI! Hela yote!

Shangazi alikuwa ananyunyizia mashuka maji, simu ikalia, akanipa nimsomee maana mikono imelowa. Nikasoma. Akasema rudia. Nikarudia kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Akaniita "baba"! Tangu lile shati hajaniita hivyo. Ohoo, nimepumua mpaka kwenye visigino.

Akaunti yangu je? Kamisheni imefutwa. Sina hata senti, na nimecheka peke yangu barabarani kama mwehu. Maana hebu fikiria: wangekuwa wezi wangenilipa mimi harakaharaka ili niwaletee wengine, na Shangazi wangemwachia pasi yake mbovu. Wao wamefanya kinyume. Dada kasema ndiyo mara ya kwanza anaona mtu kafurahia hasara. Nikamwambia hii ni akili ya biashara, wewe itakuchukua muda.

Soko ni la kuaminika, hata kwa mgeni. Pasi ndiyo haikuwa ya kuaminika. Ni vitu viwili, na mimi nilivifunga kitita kimoja nikampa Shangazi.

Jumapili, 23 Machi

Shangazi kaja mwenyewe, na miwani yake ya kusomea. Anataka pasi nyingine. Kwa linki yangu! Kachagua moja, nyota nne na nusu. Hii je, baba?

Ulimi ulikuwa umeshatoka kusema hiyo moto. Nikaurudisha. Nimemwambia subiri, Shangazi, nisome kwanza waliolalamika. Wako thelathini na nane. Anauliza wote hao wa nini?

Wa tatu analia boksi lilibonyea — mpuuzi huyo. Wa saba anasema waya mfupi. Shangazi kapima kwa dhiraa kutoka ukutani mpaka mezani, kasema unatosha. Sasa niko wa tisa. Kaandika neno moja tu, "maji", na picha chini yake. Naandika hapa huku hiyo picha inazunguka tu, haifunguki. Kidole cha Shangazi kiko juu ya "Nunua". Simu haiangalii. Ananiangalia mimi —